Nyumba Iliyopisha Vyungu: Mzee Liberatus Kalinga Anastaafu

Leo, Jumatano tarehe 30 Juni 1976, Mzee Liberatus Kalinga anamaliza utumishi wa miaka thelathini akiwa katika Kituo chetu cha Ujenzi, Mbeya. Mimi ninayeandika ni kibarua wa Kituo hicho hicho, na huu ni mwaka wa nne tangu nitoke kwetu Maswa kufuata kazi ya reli. Kazi ya reli iliisha, nikabaki huku kwenye baridi, na miaka miwili hii nimeifanya chini ya Mzee Kalinga. Wenzangu wa kambi ya ziwani walisema wasifu huu asiuandike karani, kwa sababu karani alikuwa Mbeya na sisi ndio tuliokuwa na Mzee. Shule yangu ni ya darasa la nne. Nitasema tulivyoona, basi.

Mzee Kalinga ni mtu wa Mufindi, kule juu ambako asubuhi za Juni majani yanakuwa meupe kwa sakitu. Aliajiriwa Iringa mwaka 1946, akiwa mvuta mnyororo wa wapima ardhi. Walimweka mbele kwa sababu alikuwa na miguu mirefu na hakuogopa nyoka. Siku moja mpima mmoja akamkuta amechora kambi yao yote kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku la chai, mahema yamekaa mahali pake na choo mahali pake. Akapelekwa ofisini kujifunza kunakili ramani, na tangu hapo hakuondoka tena kwenye meza ya kuchorea, kwanza Iringa, halafu Mbeya kuanzia mwaka wa Uhuru.

Kazi zake mnazijua hata kama jina lake hamkulijua. Ukipita barabara kuu ukaona nyumba ya mwalimu yenye madirisha mawili madogo na baraza nyembamba, ujue ilipita chini ya penseli yake. Vivyo hivyo zahanati za Chunya, maghala ya pareto ya Njombe na nyumba za mabwana shamba kule Tukuyu. Lakini ramani zenyewe zilitoka juu, na kazi yake ilikuwa kuzinakili bila kukosea. Mwenyewe alikuwa akisema yeye ni kama padri: anayasoma maneno vizuri, ila hakuyatunga yeye.

Tuseme ukweli, si mtu mwepesi. Ukuta ukipinda upana wa kidole, unabomolewa, hata kama jua linawaka na uji haujafika. Penseli yake haikopeshwi. Ananung'unika kuanzia asubuhi mpaka mnakunja kamba, kisha yule aliyemgombeza kuliko wote ndiye anayemwita wale kande pamoja. Akiwa na furaha anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa isiyokaa kwenye tuni. Fanueli, msimamizi wetu, ambaye ni Mmoraviani, alipata kumwuliza kama Mungu wa Wakatoliki wa Mufindi ni mzito wa kusikia. Mzee akamjibu kuwa Mufindi kuna ukungu, lazima mtu aite.

Mwezi Julai 1974 Kituo kilipewa kazi ya nyumba ndogo ya wageni katika kijiji cha Kilambwa, kando ya Ziwa Nyasa. Ilitakiwa nyumba ya vyumba sita, ya maofisa wanaozungukia vijiji na ya wasafiri wanaongoja boti. Kabatini hakukuwa na ramani ya nyumba ya namna hiyo. Mkuu wa Kituo akamwita Mzee Kalinga akamwambia achore mwenyewe, kutoka kichwani mwake. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Fanueli anasimulia kuwa Mzee alitoka ofisini akasimama uani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Halafu akasema neno ambalo sisi wengine tulikuja kulisikia mara nyingi: "Nimenakili nyumba za watu maisha yangu yote. Hii moja nataka niione imesimama kabla sijarudisha penseli."

Sasa kuna kichekesho ambacho mwenyewe ameruhusu kiandikwe. Ramani ile aliichora Mbeya katika baridi ya Julai, amevaa sweta lake la kahawia alilofumiwa na mkewe, Mama Benedicta, na jiko la mkaa limewekwa chini ya meza. Mtu wa Mufindi akimfikiria mgeni, anafikiria moto kwanza. Ikatoka nyumba nzuri sana, yenye kuta nene, madirisha madogo na dari ya chini ya kutunza joto. Kila chumba kilikuwa na mahali pa kuwasha moto, na juu ya paa zimesimama dohani sita za matofali, zimepangwa kama askari.

Akateremka nayo ziwani, sweta mwilini. Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Anyitike, akaigeuza ramani huku na huku, kisha akauliza hivi vilivyosimama juu ya paa ni nini. Mzee akajibu ni dohani. Anyitike akauliza kama wageni watakuwa wanaoka mikate. Mzee akamweleza kuwa ni za moshi wa moto wa kuwapasha wageni vyumbani. Anyitike akajifuta jasho shingoni, akawatazama wazee wenzake, akasema taratibu: "Baba, huku kwetu mgeni tunampoza. Hatumbaniki kama samaki."

Uwanja mzima ulicheka. Mzee alibaki amesimama, jasho linamchuruzika ndani ya ukosi, na sisi tuliokuja naye tukawa tunatazama chini. Halafu akaanza kucheka yeye mwenyewe, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Akavua sweta. Fanueli amefanya naye kazi tangu zamani na anaapa kuwa hakuwahi kuiona mikono ya shati la Mzee Kalinga mpaka siku ile. Ramani akaikunja, akamwuliza Anyitike kama anaweza kupata mahali pa kulala. Siyo kwa siku mbili, akasema. Kwa mvua nzima.

Nafikiri hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza. Alikaa Kilambwa kuanzia joto la Novemba mpaka mvua zilipopungua, katika nyumba ya mianzi ya Anyitike. Alijifunza kuwa ukuta wa mianzi unapumua, na kuwa mtu aliyelala ndani yake anaamka mkavu wakati aliyelala kwenye matofali anaamka amelowa. Alijifunza unakotoka mwera, ule upepo wa kusini unaopandisha mawimbi. Wazee walimwonyesha ziwa linapofika mwaka likijaa. Alitazama maji machafu ya jikoni yanavyoelekezwa kwenye migomba, na migomba ilivyonenepa. Nasikia alikuwa akilala kila wiki pembe nyingine ya nyumba, mpaka mke wa Anyitike akasema mgeni huyu analala kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ramani ya pili ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Msingi wa mawe, ulioinuliwa ili maji yakija yapite. Kuta za mianzi. Madirisha mapana yanayotazamana, upepo uingie huku utokee kule. Baraza pana kuzunguka vyumba, ili jua lisiguse ukuta. Paa la nyasi lenye mteremko mkali. Vyoo viwe nyuma, juu ya mteremko, mbali na ziwa, kwa sababu watu wanakunywa ziwa hilo. Hakuna mti wa kijiji wa kukatwa. Mbao zote ni za misonobari iliyopandwa Sao Hill, zinakuja na lori kutoka Mafinga. Taa ni za mafuta. Alituambia kwa maneno machache kwamba nyumba hii haitadai kitu ambacho jirani zake hawana.

Mkuu wa Kituo alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake haukuwa wa kijinga. Aliogopa nyasi zitashika moto, na aliogopa wageni watasema wamelazwa bandani. Alitaka bati na mashine ya umeme. Lakini miaka ile, nyinyi wenyewe mnakumbuka, saruji ilikuwa adimu na mashine zilisimama uani kwa kukosa dizeli. Mzee alisema kijiji kina watu wa kuezeka, hakina kiwanda cha bati. Walibishana siku kadhaa. Mwishowe Mkuu akakubali kwa sharti kwamba jiko lijengwe peke yake, mbali na vyumba, na hilo liezekwe bati. Lilikuwa wazo lake Mkuu, na lilikuwa zuri, kwa sababu maji ya mvua ya kunywa yatavunwa kutoka kwenye bati hilo hilo. Mzee alilichora siku ile ile wala hakununa.

Juni mwaka jana tukaanza kuchimba. Mahali palipochaguliwa palikuwa pazuri: mchanga mweupe uliopanda taratibu kutoka majini hadi barabarani, haukuwa na shamba wala kaburi, ila vigae vya vyungu tu. Tulikuwa tumepiga vigingi na kufunga kamba, na mtaro wa msingi upande wa ziwa ulikuwa umefika magotini, asubuhi ilipotokea mitumbwi nyuma ya rasi.

Walikuwa wanawake wa Kikisi, wafinyanzi, na mitumbwi yao imejaa vyungu vilivyofungwa kwa majani. Wakavuta mitumbwi mchangani, wakatusalimia vizuri, wakaanza kuteremsha vyungu na kuvipanga mstari mmoja mrefu. Mstari ulipofika kwenye kamba zetu, ukapita. Ulipofika kwenye mtaro, wakashuka nao ndani ya mtaro, wakapanga vyungu humo kwenye msingi, wakapanda upande wa pili, wakaendelea. Hakuna aliyegomba. Ngolo, mwenzetu wa sururu, akaniuliza kwa Kisukuma kama tuchimbe kukizunguka chungu au tungoje mwenyewe auze.

Mkubwa wao ni Mama Paskalina, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Yeye ndiye aliyekaa ndani ya mtaro. Mzee Kalinga akaja na futi kamba yake mkononi, akamwamkia, akamweleza kuwa hapa inajengwa nyumba. Paskalina akamjibu kuwa hapa alipokaa alikaa mama yake, na kabla ya mama yake bibi yake. Huyu wa kulia kwake yuko kulia kwa sababu bibi zao walikaa hivyo. Anayehamisha chungu kwenye mstari huu anamhamisha mtu.

Mzee akaita Anyitike. Hapo ndipo tulipolijua kosa: mchanga ule ni soko la vyungu la kiangazi. Mvua zinaponyesha udongo haukauki, na udongo usipokauka vyungu havichomwi. Mzee alikuwa amekaa Kilambwa wakati wa mvua, akaona mchanga na vigae, hakuona soko. Anyitike naye alidhani mtu aliyekaa mvua nzima akipima kila kitu hawezi kukosa kuuliza vigae vimetoka wapi. Kila mmoja alimwachia mwenzake kusema.

Mkuu wa Kituo aliwasili siku chache baadaye na lori la mbao, akakuta sururu zimelala. Wanawake walikuwa wameleta shehena ya pili. Aliwaambia kwa upole kuwa kuna eneo zuri juu, karibu na barabara, na Kituo kitawasafishia.

"Bwana mkubwa, chungu hakipendi safari mbili," Paskalina akamwambia. "Tukikitoa majini tukakipandisha tena huko juu, tutauza vigae."

Mzee Kalinga alitembea kuufuata mstari wa vyungu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa hatua zile ndefu za mvuta mnyororo, akarudi. Akasema wanawake wasiondoke. Nyumba ndiyo itakayosogea. Ikatwe vipande viwili, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na katikati ipite njia pana kutoka barabarani hadi majini, isiyo na lango.

Nilikuwa karibu, nimeshika mpini wa sururu, na maneno yaliyofuata niliyasikia mwenyewe. Mkuu alishusha sauti, kama mtu anayemwonya ndugu. "Mzee Kalinga, ukiikata sasa, msingi unaanza upya. Nyasi za mwaka huu zitaungua kabla kuta hazijasimama. Hilo paa litaezekwa wewe ukiwa umeshakwenda kwako."

Mzee aliutazama ule mtaro wetu. "Basi litaezekwa nikiwa kwangu," akasema. "Mimi nitakosa kuiona tu. Hawa watakosa mahali pa kukaa."

Sitaficha, vibarua tulinung'unika. Mtaro ule tulikuwa tumeuchimba kwa malengelenge, na sasa tunaambiwa tuufukie. Wengine walisema mzee amechoka, aende akapumzike. Hasira ikatupungua siku tulipomaliza kufukia. Paskalina na wenzake walitembea juu yake wakaukanyaga ukashindilika, wakakaa. Mzee akaenda kukaa pembeni yao na karatasi magotini, akaanza kuchora kwa mara ya tatu.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mawe na mianzi. Mianzi tuliifuata milima ya Rungwe, mvua zilipokuwa hazijaanza, tukailaza mtoni ili wadudu wasiile. Mzee hakuruhusu ikatwe michanga. Anatoka kwenye nchi ya ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga, na Ngolo akamwomba walau tugeme kwanza, tunywe, ndipo tukate. Mzee akamjibu kuwa mwanzi wa kunywa haujengi, na kibarua wa kunywa vile vile. Mvua zilipokuja tulisimama. Zilipopungua tukaendelea, na mwezi uliopita kuta za pande zote mbili zilikamilika.

Kwa hiyo leo, anapoagwa, nyumba ya Mzee Kalinga imesimama bila paa. Nyasi ndiyo kwanza zimekauka, na watu wa Kilambwa wameanza kuzikata. Siku ya soko iliyopita alikuja kukabidhi ramani kwa Fanueli. Alipita kwenye ile njia ya katikati wakati vyungu vimepangwa na watu wamejaa, wenye mahindi na wenye ndizi, wanabadilishana huku wamekaa kwenye kivuli cha kuta zetu. Sisi tulidhani atasema neno kubwa. Akasema dirisha la pili limepinda, tulitazame. Tulilipima alipoondoka. Kweli limepinda.

Jambo moja hatukulitegemea. Alipofika kwa Mama Paskalina, wale wanawake walisogea kidogo, huyu kulia na huyu kushoto, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kwenye mstari. Paskalina akamwambia nafasi ile ni yake na ya watoto wake, hata kama hawatafinyanga. Mzee alikaa hapo mchangani mpaka soko lilipokwisha, bila kununua kitu wala kunung'unika, na sisi tuliacha kazi hatukugombezwa.

Mzee wetu, Kituo kinakushukuru kwa nyumba zote ulizonakili na kwa hii moja uliyoitoa kichwani. Sisi vibarua tunakushukuru kwa kande, na kwa kutubomolesha kuta, maana leo kila mmoja wetu anaweza kusimamisha ukuta ulionyooka popote atakapokwenda. Mama Benedicta akupokee vizuri. Mahindi yako Mufindi yaiponyoke sakitu, magoti yakubebe, na upate wa kumnung'unikia kila asubuhi. Ukae kwa amani, baba. Kwa salamu ya kwenu: kamwene.

Mkuu wa Kituo ametukubalia kuwa mwezi wa kumi lori la mbao litapita Mafinga kumchukua Mzee na Mama Benedicta, wateremke ziwani wawe wageni wa kwanza. Mimi Jumatatu narudi Kilambwa na lori la kubebea nyasi, tukaezeke. Kwetu Maswa niliahidi kurudi mwezi wa nane. Nimeshawatumia neno kuwa wasinitazamie: narudi mwezi wa kumi na moja, nikishamwona Mzee Kalinga ameamka asubuhi chini ya paa lake.

Nkuba Shigela, kibarua,
kwa niaba ya kambi ya ziwani